Gari la Mahari Lipelekwe Gereji Gani?



Wiki iliyopita nilikuwa kwenye hina ya bibi harusi mmoja huko Fuoni. Mikono iko juu, miguu imenyooshwa, hakuna anayeweza kushika simu, kwa hiyo watu walikuwa wanazungumza. Bibi harusi akatuambia kuwa mume mtarajiwa amemnunulia gari kuwa ni sehemu ya mahari yake, Vitz nyeupe, na tayari imeshatoka bandarini. Halafu akauliza, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli: "Sasa likija kuharibika nilipeleke kampuni au kwa fundi wa mtaani?"

Tukajibiwa na watu watatu kwa mpigo. Mmoja alisema kampuni, tena bila ya kufikiri, kwa sababu mwanamke akiingia gereji za mtaani bei inapanda kabla hajashuka kwenye gari. Wa pili akasema kampuni watakuvua mpaka kanga ya ndani. Wa tatu, mtu mzima, akasema mambo ya gari mwachie mumeo, wewe shughulika na nyumba. Mie hina yangu ilikuwa haijakauka na mpakaji alikuwa ameshaniambia nisitikisike, basi nikanyamaza. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yangu yamenijaa kooni.

Rai yangu ni hii. Magari tunayoendesha sisi wa kisiwani, mahali pake ni kwa fundi wa kujitegemea, si kwenye gereji ya kampuni, isipokuwa kwa mambo machache ambayo nitayataja. Na fundi huyo awe amechaguliwa na mwenye gari. Si rafiki wa mume, si jirani wa kaka, wala si yule aliyekuwa karibu siku gari lilipozima njiani.

Tuelewane kwanza tukisema kampuni tunakusudia nini. Ni wakala rasmi wa mtengenezaji wa gari, yule anayeuza magari mapya kwenye shorumu na nyuma yake ana gereji yake, mafundi waliosomeshwa kwa magari hayo, mashine zake na spea za mtengenezaji mwenyewe. Anafanya kazi yake vizuri, na gari jipya unalonunua kwake huja na waranti. Sasa tazama magari yaliyoegeshwa nje ya harusi yoyote hapa Unguja: Vitz, IST, Passo, Raum, Noah, na Carry ya kubebea viti. Karibu yote yametumiwa Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kupakiwa meli. Hayakununuliwa kwa wakala, hayana waranti yake, na baadhi ya aina hizo hajapata hata kuziuza mpya huku kwetu. Ukimpelekea, unalipa bei ya huduma iliyopangwa kwa ajili ya magari mapya, ya maofisi na ya miradi, kwa gari ambalo thamani yake yote ni kama bei ya taa mbili za mbele za magari hayo. Natia chumvi kidogo, lakini si sana.

Nitakusimulieni yaliyomfika mtoto wa ami yangu, kwa ruhusa yake, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Aliolewa mwaka jana. Alikusanya mahari yake na akiba yake ya kushona, akanunua IST. Mwezi wa tatu gari likaanza kutetemeka likisimama kwenye taa, ikawaka ile taa ya njano yenye umbo la injini, na breki zikawa zinakwaruza. Kwa kuwa ni mtu wa kuogopa, alianza na kampuni. Sitaitaja, na haki ni haki: walimpokea vizuri, akakaa kwenye AC, akapewa karatasi safi iliyoandikwa kila kitu na bei yake. Koili zote nne, plagi nne, sensa moja, pedi na disiki za breki za mbele. Jumla shilingi 1,640,000, na koili hazipo, ziagizwe, asubiri wiki tatu. Hawakumwibia. Wao mtindo wao ni kubadilisha seti nzima ili mteja asirudi na malalamiko, na kwa gari la ofisi hilo ni jambo la busara. Kwa mshonaji aliyetoka kutumia akiba yake yote, ni msiba.

Akarudi nyumbani akamweleza mumewe. Mume akasema, "Mbona hukuniambia? Nina rafiki yangu tangu skuli, ana gereji." Gari likapelekwa. Mdogo wangu akauliza bei, rafiki akacheka: "Shemeji, sisi si watu wa kuulizana bei, tutaongea." Gari likakaa siku nne. Likarudi na deni la shilingi 480,000, na maelezo kuwa taiming belti ilikuwa inakaribia kukatika, imebadilishwa. Gari lilikuwa linatetemeka vilevile.

Dada zangu, injini ya IST haina taiming belti. Ina mnyororo, umo ndani ya injini, unalowana oili, na kwa kawaida haubadilishwi kama unavyobadilisha belti. Mkanda unaouona kwa nje ukifungua boneti ni wa kuzungusha alteneta na AC. Yako magari mengine yenye taiming belti kweli, kwa mfano RAV4 za mwanzo zenye injini ya 3S, na hayo ukipuuza belti yake utalia. Lakini IST, Vitz na Passo zetu nyingi ni mnyororo. Yule bwana alitoza kitu ambacho hakimo ndani ya gari. Na mdogo wangu alilipa, kwa sababu ni rafiki wa mume, na mwanamke mwenye ndoa ya miezi mitatu atamwambiaje mumewe kuwa rafiki yako ameniibia? Alipokuja kumwambia hatimaye, baada ya kunisikia mimi juu ya mnyororo, wakagombana mpaka akaenda kulala kwa mama yake siku mbili. Kwa ajili ya Toyota!

Ndipo nikamchukua kwa fundi wangu. Ni mzee wa Jang'ombe, gereji yake ni banda la mabati ubavuni mwa nyumba yake, hakuna AC wala karatasi yenye nembo. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wale wawili hawakulifanya. Kisha akachomeka mashine yake ndogo chini ya dashibodi, ikatoa namba P0302. Akamwambia, "Mwanangu, mashine inasema silinda ya pili haichomi. Haisemi kwa nini. Sasa tuiulize injini yenyewe." Gari hilo lina koili nne, kila plagi na koili yake juu. Mzee akaing'oa koili ya pili akaiweka kwenye silinda ya tatu, na ya tatu akaiweka kwenye ya pili. Akafuta ile namba, akawasha, wakangoja. Taa ikarudi, na safari hii mashine ikasema P0303. Akamwonesha. "Ugonjwa umehama na koili. Basi mgonjwa ni huyu."

Koili moja. Breki nazo alizifungua gurudumu mbele yetu, pedi zimekwisha kabisa, lakini disiki alizipima unene kwa kifaa chake akasema bado zina maisha. Akatuandikia kwenye ukurasa wa daftari la skuli kitu cha kununua, akataja na aina, koili ya Denso kwa kuwa ndio wanaoitengenezea Toyota. Tukanunua wenyewe. Koili 85,000, plagi nne 60,000, pedi 55,000, ujira wake 40,000. Shilingi 240,000, na adhuhuri ilipoadhiniwa gari lilikuwa linanguruma kama paka aliyeshiba.

Najua mtakaloniuliza: huyo ni mzee mmoja mwema, sisi wengine tutampata wapi wa kwetu? Na yule rafiki wa mume naye si fundi wa mtaani vilevile? Kweli. Ndio maana sisemi "nendeni mtaani" halafu nikakaa kimya. Mtaani ndiko aliko aliyetuokoa na ndiko aliko aliyetuibia, na bango la mlangoni halikuambii yupi ni yupi.

Lakini kipimo tunacho, na kimetoka kwa mwanamke. Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 26, baada ya Nabii Musa, alayhi salaam, kuwanyweshea mifugo wale mabinti wawili kule Madyan, mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, na akataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Hakuja mwanamume kumfundisha. Aliona kwa macho yake kazi ya mtu yule kisimani, na aliona staha yake njiani, akatoa rai yake, na baba akaifuata. Basi yule mtu mzima wa kwenye hina aliyesema tuwaachie wanaume, namheshimu, lakini kwenye hili binti wa Madyan ananitosha.

Nguvu kwa fundi ni ujuzi na zana. Uaminifu ni kwamba hakufichi. Moja bila ya nyingine haifai, na sisi wanawake wa dini tuna kosa letu hapa: tunaiona alama ya sijda kwenye paji la uso tunafunga macho. Mcha Mungu asiyeijua giaboksi ataiua giaboksi yako huku anasema bismillahi. Na wewe bibi harusi wa Vitz hasa, nakuomba uliweke hili kichwani. Vitz nyingi za kuanzia mwaka 2005 zina giaboksi ya aina ya CVT, ambayo ina oili yake maalumu. Ukitiwa oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki, gari halitalalamika siku hiyo. Litalalamika baadaye, na litalalamika kwa mamilioni. Muulize fundi, "Hii inatiwa oili gani ya gia?" Akikujibu kuwa oili ya gia ni oili ya gia tu, mshukuru, funga mkanda wako, ondoka.

Uaminifu nao una alama zake za kuonekana. Fundi mwaminifu anakuita uone kabla ya kufungua, anakupa kifaa kikuukuu mkononi bila ya kukiomba, na anajua kusema "hii siiwezi". Hili la tatu ndilo lililonifunga kwa mzee wangu. Gari langu mwenyewe liliwahi kuwasha taa ya mfuko wa hewa, ule wa kwenye usukani unaofumuka ukigonga. Nilimpelekea, akaitazama, akasema, "Hii si kazi yangu, na atakayekwambia ni kazi yake hapa mtaani muulize mara mbili." Wapo wengi ambao wangeizima ile taa tu kwa shilingi elfu thelathini, nami ningekwenda zangu nimefurahi, na mwanangu amekaa kiti cha mbele.

Sasa nakuja kwenye yale mambo machache ya kampuni. La kwanza ni hilohilo la mfuko wa hewa, na sisi wa pwani linatugusa zaidi ya watu wengi. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa kwenye mamilioni ya magari, Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine mengi. Kemikali iliyomo ndani yake, ya kuufumua mfuko, inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ukija kufumuka, kasha lake la chuma linaweza kupasuka likarusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, Marekani na Malaysia na kwingineko, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi! Hebu niambieni, ni wapi duniani panapolingana na maelezo hayo kama Unguja na Pemba? Watengenezaji waliyaita magari hayo yarudi yabadilishwe vifaa bila ya malipo, lakini gari lililouzwa mtumba nje ya Japani mara nyingi mwenye nalo hajui kama liliitwa au halikuitwa. Chukua namba ya chesisi ya gari lako, mpelekee wakala wa aina ya gari hiyo, umuulize kwa maandishi. Hapa sitaki fundi wa mtaani aguse.

La pili ni gari jipya lililo ndani ya waranti, kama kuna mwenye bahati hiyo baina yetu. Hilo lipeleke kwa wakala kila sevisi, utie muhuri kwenye kitabu, usijitie ujanja wa kuokoa laki moja ukapoteza haki ya kutengenezewa injini bure. La tatu ni magari ya haibridi, Aqua na Prius, ambayo sasa nayaona kila kona. Betri yake kubwa ina umeme wa zaidi ya volti mia moja, unaoweza kumuua fundi. Huyo atafutwe aliyesomea, wa kampuni au wa nje, na asipokuwa na glavu za umeme hajasomea.

Basi. Breki, plagi, oili, rejeta, shokapu, bushi, taa na kutu ya chini inayoletwa na upepo wa chumvi, hayo yote ni ya fundi wako.

Kuhusu spea, hapa ndipo kampuni wanapotushinda na lazima tukiri. Kwao unajua unatiwa kifaa halisi. Mtaani kuna halisi, kuna ya kampuni nyingine nzuri, kuna ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine, na kuna feki ndani ya boksi zuri kuliko la halisi. Mnaikumbuka hadithi aliyoipokea Muslim, ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoingiza mkono kwenye fungu la chakula sokoni akakuta ndani kumelowana, akamkataza muuzaji kuwahadaa watu. Wewe nawe ingiza mkono. Nenda dukani mwenyewe na kifaa kikuukuu kwenye mfuko wa plastiki, linganisha namba zilizochongwa, uzito wake na mwisho wa nyaya zake. Muuzaji akiona umekuja na kifaa mkononi anabadilika sauti.

Na kuna hili la cha juu. Mafundi wengi ukiwatuma spea wanapata chao dukani, na bei unayoambiwa imeshaongezwa. Wanaiona ni desturi. Mie naona ni jambo la kusemwa wazi, kwa sababu uliyemtuma kukununulia ni wakili wako, na wakili hajipatii faida ya siri kwenye mali ya aliyemtuma. Lakini naye ametumia mafuta yake na muda wake, na jua lenyewe ndilo hili. Kwa hiyo mwambie: nitakupa 10,000 ya kwenda dukani, niletee risiti. Wangu nilimwambia hivyo miaka mingi nyuma, akacheka, akasema nimemwondolea uzito.

Bei ikubaliwe kabla ya spana kugusa boliti. Ile "tutaongea" ya shemeji ndiyo iliyomponza mdogo wangu. Ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi, na sheria yetu inataka ujulikane mwanzo. Kama utalipa mwisho wa mwezi, hilo ni deni, na aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, Al-Baqarah 282, imekuja kutuamrisha tuandike deni la muda. Ukurasa wa daftari unatosha: kazi gani, bei gani, lini litakuwa tayari, wewe na yeye mtie saini, upige picha kwa simu. Na likiharibika mikononi mwake? Wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu fundi analipa lini, lakini aliyezembea au aliyefanya asichoruhusiwa analipa, hilo halina mzozo. Karatasi yako ndiyo itakayoonesha ulimruhusu nini. Na wewe nawe akimaliza mlipe palepale, jasho lake halijakauka. Wanawake tuna sifa mbaya ya kupunguza bei baada ya kazi kwisha. Ndiyo, nasema sisi.

Linabaki jambo ambalo dada wengi wananiambia ndilo linalowafukuza gereji na kuwapeleka kampuni hata wasipokuwa na uwezo, nalo ni staha. Gereji ni mahali pa wanaume, mdomo hauna breki, na kuna lile la kwenda kulijaribu gari barabarani, wewe na fundi peke yenu. Khalwa ni khalwa, hata kama kuna harufu ya petroli. Mie hufanya hivi: naenda asubuhi, nachukua dada au mtoto wa jirani aliyebaleghe, na tukienda kulijaribu gari tunakuwa watatu. Nikiwa sina mtu, naandika kilomita zilizopo, anakwenda peke yake, akirudi nazisoma tena. Hajawahi kukasirika. Na gereji ambayo vijana wake wanakurushia maneno, ondoka hata kama fundi wake ni bingwa wa kisiwa kizima. Mzee anayejua kuwanyamazisha vijana wake mbele ya mwanamke, mara nyingi anajua pia kuwasimamia kwenye kukaza boliti za gurudumu.

Kwa waume: gari la mahari ni mali ya mke wako. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imeshakata maneno. Ukimsaidia kumtafutia fundi unapata thawabu, ukimlazimisha rafiki yako umeingilia mali ya mtu. Yule shemeji yangu, namshukuru Mungu, alikwenda mwenyewe kwa rafiki yake kudai. Alirudishiwa 300,000 kwa vipande vitatu, na urafiki ukapoa. Yeye na mkewe wakapatana. Siku hizi hata pikipiki yake anaipeleka Jang'ombe.

Jambo moja la haraka kwa mabibi harusi wote wa msimu huu, kabla sijasahau. Gari litakalowabeba kwenye msafara likaguliwe rejeta na feni yake siku mbili kabla. Msafara wa harusi unakwenda mwendo wa kinyonga, tarumbeta mbele, AC imewashwa mpaka mwisho, na gari ambalo likikimbia halina tabu hapo ndipo linapochemka. Nimemwona bibi harusi kwa macho yangu amesimama kando ya barabara ya Amani na shela lake, mpambaji anampepea kwa sahani ya keki, na boneti iko wazi inatoa moshi. Riboni nazo zisifunike ile sehemu ya mbele inayoingiza upepo.

Na wewe wa Fuoni, kama unasoma, nimeshamwambia mzee juu yako. Usingoje gari liharibike. Lipeleke likiwa zima, oili ya injini na filta yake tu, ni kazi ya nusu saa. Mwite Mzee, yeye atakuita mwanangu. Kuna benchi chini ya mwembe, kaa hapo umtazame anavyofanya kazi, na mkewe atakuletea chai ya tangawizi. Usiende Ijumaa baada ya saa tano, hufunga mapema kwa ajili ya msikiti.